Nembo Ina Mwenyewe

Kubandua nembo ya gari kuukuu kunataka subira kuliko nguvu. Katika gereji za Kahama, fundi anayeijua kazi yake hungoja jua la saa saba lilainishe gundi, na siku ya mawingu humwagia maji ya moto. Kisha huchukua mshipi wa nailoni, wa aina ile ile inayovulia sangara ziwani, akauzungushia vidoleni, akaupenyeza nyuma ya nembo na kuanza kuvuta huku na huku, polepole, mpaka nembo iachie yenyewe. Mwenye papara hushika bisibisi, na bisibisi huacha mkwaruzo utakaomgharimu mwenye gari puti, msasa na rangi. Gundi iliyobaki hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa petroli kidogo. Magari ya miaka ya 1980 yana hatua moja zaidi, kwa kuwa nembo zake nyingi zilishikiliwa na vipini vilivyopenya kwenye bati. Vikitoka, matundu hubaki, na tundu lisipozibwa maji hupita, kutu ikaanza kula bati kutoka ndani.

Chini ya nembo hukutwa rangi ambayo gari zima limeisahau. Jua la Shinyanga ni kali na vumbi la barabara za migodini halina huruma. Bati lote hupauka isipokuwa pale palipofunikwa. Kwa hiyo herufi zikishatoka bado zinasomeka, safari hii kwa rangi ya siku gari lilipotoka kiwandani. Fundi hana muda wa kulistaajabia hilo. Anachotaka kujua ni namna ya kuimaliza kazi ya kulipaka gari rangi upya. "Mzee, rangi ikikauka tunarudishia nembo ya zamani, tunanunua mpya, au tunaacha pasafi?"

Swali ni la gereji, lakini limebeba swali jingine ndani yake. Nembo kazi yake nini hasa? Gari lililobanduliwa nembo halijapungukiwa na chochote cha kulipeleka safari. Land Cruiser ya mtindo wa 70, ile tuliyoizoea kwa jina la mkonga, ikiwa na injini ya 1HZ ya lita 4.2, fundi wa Kahama huitambua kwa mlio tu kabla haijakata kona. Serikali nayo, katika kusajili gari, haijishughulishi na nembo. Kadi ya gari huandikwa aina, rangi, namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadili rangi unatakiwa uwaarifu TRA, mamlaka ya mapato. Ukibandua herufi za mlango wa nyuma hakuna anayekudai taarifa. Trafiki wa njia panda ya Tinde ataomba leseni na kukagua bima, na atazunguka kuangalia tairi. Nembo haimo katika orodha yake.

Basi nembo ipo kwa ajili ya nani? Ipo kwa ajili ya mgeni, mtu asiyelijua gari wala mwenye gari. Mfugaji wa Kisukuma hahitaji chapa ili amtambue ng'ombe wake. Anamjua kwa rangi, kwa baka la ubavuni, kwa jinsi pembe zilivyopinda, na lugha yake ina majina ya rangi za ng'ombe ambayo mtu wa mjini hata hawezi kuyatenganisha. Serikali ilipoendesha upigaji chapa wa mifugo nchi nzima mwaka 2017, haikumfundisha mfugaji kuijua mali yake. Chapa ilikuwa ya wengine: mnunuzi wa mnadani, polisi, hakimu. Wazee wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi na sungusungu wakaibuka huku kwetu, wanajua kwamba ugumu haukuwa kumjua ng'ombe wako. Ugumu ulikuwa kumthibitishia mtu wa mbali kwamba ni wako.

Huyo mtu wa mbali nembo inamwambia nini? Wengi tunadhani inamwambia kitu hiki ni nini. Mimi naona inamwambia jambo zito zaidi: kwamba kikiharibika, kikidhuru au kisipofanya kilichotarajiwa, yupo wa kuulizwa. Nembo ni neno la mtu aliyekubali kujibu. Ndiyo maana inakaa mbele, kwenye shoo, mahali ambapo pande mbili zikikutana hutazama kwanza.

Historia ya Toyota yenyewe inasaidia kuliona hili. Jina lilitokana na ukoo wa Toyoda, watu waliokuwa wakitengeneza mashine za kufuma nguo. Mwaka 1936, baada ya shindano la kubuni nembo, likageuzwa kuwa Toyota, na mojawapo ya sababu ni kwamba kwa maandishi ya Kijapani huandikwa kwa mistari minane, na nane kwao ni namba ya heri. Duaradufu tatu tunazozijua leo hazikuwapo bado. Zilikuja Oktoba 1989, na kampuni ikaeleza kwamba mbili za ndani, zinazopishana, ni moyo wa mteja na moyo wa kampuni. Mkonga wa kwanza ulikuwa umeshatoka kiwandani mwaka 1984 ukiwa na herufi za TOYOTA tu kwenye shoo. Kwa hiyo gari la 1986 linalopita Katoro leo likiwa na duaradufu kifuani, nembo hiyo imebandikwa na mtu baadaye. Je, mtu huyo amedanganya? Sioni uongo hapo, kwa kuwa aliyeahidi kwa herufi ndiye aliyeahidi kwa duaradufu. Kuna na wanaokwenda kinyume, wenye magari ya karibuni wanaong'oa duaradufu na kununua shoo ya herufi ili gari lionekane la kale. Hata kiwanda kimewafuata: mtindo wa 70 uliorudishwa sokoni Japani mwaka 2023 una herufi mbele.

Uongo huanzia pengine. Huanza pale gari la daraja la chini linapobandikwa herufi VX, au lenye silinda sita linapoandikwa V8 mlango wa nyuma. Herufi zenyewe huenda ni halali kabisa, zimetoka kiwanda kile kile na kuuzwa duka la spea lenye risiti. Kasoro ni kwamba mtengenezaji hakuwahi kuahidi hicho kinachosomeka. Amewekewa mdomoni neno asilolisema, na mnunuzi analipia neno hilo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa siku hizi na Tume ya Ushindani, imelitambua hilo zamani: kubandika alama isiyostahili ni kosa hata kama bidhaa yenyewe inafanya kazi. Tena kuna nembo zinazobanduliwa usiku kwenye maegesho. Ndiyo sababu watu huchora namba ya gari kwenye taa na saiti mira na kupiga ribiti kila kinachoweza kung'oka. Anayenunua nembo ya bei ya kutupa kichochoroni huenda ananunua ya jirani yake.

Mtu ataniambia kwamba nazidisha, nembo ni urembo tu. Sikatai urembo. Kijana wa bodaboda anayebandika ngao ya klabu ya Simba kwenye madigadi hajaahidi mtu kitu, anajifurahisha, na barabara ingekuwa kavu bila yeye. Lakini tazama kinachotokea siku ya kuuza. Ngao ya Simba hupandisha au hushusha mazungumzo, bei haiguswi. Herufi mbili za VX huweza kuisogeza bei kwa mamilioni. Urembo hausogezi bei kiasi hicho. Kinachoisogeza ni imani kwamba nyuma ya herufi yupo mtu.

Ukanda wetu wa dhahabu umezoea kubandua na kubandika kuliko gereji yoyote. Chukua Bulyanhulu. Mgodi ulijulikana kwa jina la Kahama Mining; mwaka 1999 Barrick ya Kanada ikamnunua mwenyewe, Sutton Resources, na uzalishaji ukaanza 2001. Mwaka 2010 ikaundwa African Barrick Gold na kuorodheshwa soko la hisa la London. Novemba 2014 kampuni ikajiita Acacia, jina la mti wa miiba tunaoupita kila siku. Septemba 2019 Barrick ikaichukua tena yote, na baada ya makubaliano na serikali ikazaliwa Twiga Minerals, ambayo asilimia 16 yake ni ya Watanzania. Aliyeingia kazini kijana akastaafu hapo hapo amebadilishiwa kofia, kitambulisho na maandishi ya mlango wa gari mara kadhaa, na muda wote huo ameshuka kwenye mwamba ule ule.

Mwaka 2017 ndipo taifa zima lilipojifunza tofauti ya nembo na mwenye nembo. Makontena ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yalizuiwa bandarini, kamati zikaundwa, na Juni mwaka huo kamati iliyoongozwa na Profesa Nehemiah Osoro ikaeleza kwamba Acacia haikuwa imesajiliwa nchini. Kampuni ikajibu kwamba inafanya kazi kupitia kampuni tanzu zilizosajiliwa kisheria. Kila mtu ana msimamo wake kuhusu mabilioni yaliyodaiwa, nami siufungui mjadala huo hapa. Ninachokiona ni kwamba kwa miaka tulikuwa tukisoma jina moja kwenye mabango na milango ya magari, na leseni zilikuwa na majina mengine. Siku ya kuulizana, swali moja halikuwa kuhusu dhahabu. Lilikuwa: tunayezungumza naye ni nani? Nembo iliyokuwa kubwa kuliko zote ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kuikalisha mezani.

Mgodi wa almasi wa Mwadui unatupa kisa cha upande wa pili. Jina pale halibadiliki, ila wenyewe hubadilika. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Kutoka kwenye ardhi ile ilipatikana mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa kuwa zawadi ya harusi ya Malkia Elizabeth wakati huo akiwa binti mfalme. Williamson alifariki 1958, na mgodi ukaingia mikononi mwa kampuni ya De Beers pamoja na serikali ya kikoloni. Baadaye ukataifishwa. Mwaka 1994 De Beers ikarejea, na mwaka 2009 hisa nyingi zikaenda kwa kampuni ya Petra. Muda wote huo bango limeendelea kusema Williamson. Mtu huyo hajasaini karatasi yoyote kwa zaidi ya miaka sitini, na jina lake bado linaajiri, linalipa na linashtakiwa.

Je, hiyo si nembo ya marehemu, isiyo na wa kuijibia? Novemba 7, 2022, bwawa la tope la mgodi huo lilipasuka na tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji vya jirani. Siku kama hiyo mwanakijiji haendi kuchambua hisa za nani ni asilimia ngapi. Anakwenda kwenye jina lililo getini, naye anastahili kukuta mtu nyuma ya geti. Hapo nikaona kwamba jina la zamani si udanganyifu kwa sababu tu mwenyewe wa kwanza hayupo. Linakuwa udanganyifu pale waliolirithi wanapochukua sifa yake na kuliacha deni lake. Anayerithi nembo amerithi na maswali yake.

Kuna aina ya tatu, nembo ambayo mwenyewe ameondoka na hakuna aliyeirithi. Wilaya zetu zimejaa magari ya miradi yaliyokuwa na namba za DFP za miradi ya wafadhili, milango imeandikwa mradi fulani, kwa hisani ya nchi fulani. Mradi ukiisha, gari huuzwa mnadani, na ni kawaida mnunuzi kutakiwa aondoe maandishi. Tulidhani hayo ni mambo ya kumalizia hesabu tu, mpaka 2025. Mwaka huo Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai 1 shirika lake la misaada, USAID, likaacha kuendesha miradi. Nembo ya shirika hilo, ile mikono miwili iliyoshikana, ilikuwa imebandikwa kwenye majokofu ya chanjo, kwenye kuta za zahanati, kwenye pikipiki za wahudumu. Vitu vilibaki na nembo ilibaki. Aliyeondoka ni yule wa kuulizwa dawa zikichelewa. Wapo wanaosema nembo hizo ziachwe kwa heshima, na shukrani ni jambo jema. Lakini shukrani inaweza kuandikwa kwenye kibao cha kumbukumbu. Mlangoni mwa gari linalotembea, nembo isiyo na mtu humpeleka mwenye shida kugonga nyumba isiyokaliwa.

Nimekuwa nikiuliza ni kitu gani katika ukanda huu kinajua kuishi bila nembo, na jibu liko chini ya miguu yetu. Dhahabu inayotoka Nyarugusu au Rwamgasa hufika soko la madini la Geita ikiwa haina jina. Soko hilo lilifunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Machi 2019, na utaratibu wake ni rahisi kuufuata hata kwa asiye mchimbaji. Mzigo huyeyushwa, hupimwa uzito, na mashine husoma dhahabu safi ni asilimia ngapi na shaba au fedha ni kiasi gani. Rangi ya njano peke yake haimshawishi mtu. Sifa za muuzaji hazisaidii, maneno yake hayasaidii. Baada ya kipimo ndipo huja bei, mrabaha na karatasi. Ikiendelea hadi kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Mwanza, kilichozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2021, itasafishwa na kumiminwa kuwa tofali, na tofali ndilo litakalogongwa mhuri. Mhuri huja mwisho. Hakuna anayegonga mhuri kwanza na kuomba kipimo kije kiufuate.

Gari jipya halina njia hiyo. Nembo yake hubandikwa kiwandani kabla halijakanyaga tope, na kila kinachosemwa na nembo hiyo kinahusu siku zijazo. Kiwanda kina majaribio yake, lakini hakina masika ya mbuga za Shinyanga, udongo mweusi unaonasa tairi hadi kwenye ekseli, wala hakina dereva anayepakia watu kumi na wanne mahali pa kumi na magunia ya mpunga juu. Nembo ya kwanza ni ahadi. Haiwezi kuwa zaidi ya ahadi, hata mtengenezaji awe mwaminifu namna gani.

Miaka thelathini ikipita, mambo hugeuka. Gari limeshapimwa na barabara. Chasisi imeunganishwa mara ngapi, gia boksi imefunguliwa na nani, haya yote yanajulikana kwa watu wenye majina na namba za simu, tena wengine wako mtaa wa pili. Mtengenezaji wa Japani hadaiwi tena chochote juu ya gari hilo. Udhamini wake ulikwisha zamani, pengine kabla gari halijavuka bahari kuja kwetu. Mwenye gari anapolipaka rangi na kubandika nembo upya, hakuna kiwanda kinachosema kupitia nembo hiyo. Anayesema ni yeye. Anasema: nimelitumia, nimelitengeneza, najua lilivyo, niulizeni mimi. Nembo hii ya pili imekuja baada ya kipimo, kwa hiyo ni ushahidi. Kwa maoni yangu ina uzito kuliko ile ya kwanza, ingawa imenunuliwa duka la spea na kushikwa na gundi ya kawaida.

Hapo pia ndipo mzigo ulipo. Shahidi huhojiwa. Aliyeweka injini ya gari jingine chini ya boneti, na wengi wameweka kwa sababu nzuri, anaweza kurudishia nembo bila aibu yoyote kama yuko tayari kumwambia mnunuzi, kabla hajaulizwa, kwamba injini si ya kwanza na kadi imeshabadilishwa TRA. Akinyamaza, nembo ile ile inamgeuka. Naye asiyetaka kuhojiwa ana haki ya kuliacha bati lake tupu. Gari lisilo na nembo halimdanganyi mtu. Linampa mnunuzi kazi ya kufungua boneti na kuangalia mwenyewe, na kazi hiyo haijawahi kumtia mtu hasara.

Kwa kampuni ni vivyo hivyo, ila kipimo chake ni kirefu. Buzwagi, nje kidogo ya Kahama, ilianza kuchimbwa 2009 na kusitisha uzalishaji 2021, na eneo limepangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Mgodi wa Geita unaofanya kazi sasa ulianza mwaka 2000 chini ya Ashanti, ukawa wa AngloGold Ashanti baada ya muungano wa 2004, nao utafika mwisho wake, kama mgodi wa kikoloni wa pale pale ulivyofungwa miaka ya 1960. Siku dhahabu inapokwisha, nembo yoyote iliyopo getini inakuwa haina cha kuuza. Kinachobaki ni shimo, maji yaliyomo, udongo uliochanganyikana na kemikali, na watu waliohamishwa. Kampuni itakayokuwa bado inapokea simu kuhusu mambo hayo miaka kumi baadaye itakuwa imeistahili nembo yake, hata kama ilibadili jina mara nne. Isiyopokea, hata bango lake la kwanza la siku ya uzinduzi lilikuwa karatasi tu iliyobandikwa ukutani.